Torati na Wakristo wa kwanza: majibu matano mezani, ulishike lipi?

Kila nikifundisha Matendo 15 kwenye jumuiya yetu, lazima kuna mtu atauliza habari ya kisusio. Watu hucheka, lakini swali lenyewe ni zito. Ndugu huyu amesikia tangu utotoni kwamba Torati ilikwisha, kitimoto ruksa, tuko chini ya neema. Leo anasoma kwa macho yake kwamba mitume na wazee wa Yerusalemu waliwaandikia waamini wasio Wayahudi wajiepushe na damu. Sasa kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi ya kwao Uchagani, inakaa upande gani?

Tunahangaika kwa sababu tunatafuta jibu moja kwa watu waliokuwa na majibu kadhaa, na baadhi yao waligombana hadharani kwa ajili ya majibu hayo. Tangu mwaka 48 hivi, ulipofanyika mkutano wa Yerusalemu, hadi katikati ya karne ya pili, mimi nayaona majibu matano yenye uzito. Nitayapima yote kwa vitu vitatu: govi, sahani na kalenda. Kwa hivyo vitatu ndivyo Mgiriki au Mrumi alivyomtambua jirani yake Myahudi. Imani yake hakuijua vizuri, ila alijua kwamba huyu katahiriwa, hali nguruwe, na siku ya saba hagusi kazi.

Kwanza tujue waligombania nini

Wengi huingia kwenye ubishi huu wakidhani swali lilikuwa kama Myahudi aiache Torati. Kwa kizazi cha kwanza hilo halikuwa swali. Petro, Yakobo, Paulo na wale Mafarisayo walioamini wote walikuwa Wayahudi. Paulo mwenyewe anajitambulisha kuwa alitahiriwa siku ya nane. Walichogombania ni hiki: Mgiriki akimwamini Masihi wa Israeli, je, ni lazima yeye naye awe Mwisraeli?

Na ubishi huo haukuzaliwa kanisani. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anasimulia kisa cha Izates, mfalme wa Adiabene, nchi iliyokuwa kaskazini mwa Iraki ya leo, aliyeishi siku zile zile za Paulo. Mfanyabiashara mmoja Myahudi, jina lake Anania, alimfundisha kumcha Mungu wa Israeli. Mfalme akataka kutahiriwa. Mama yake, Helena, naye akiwa ameipokea imani hiyo, akaogopa kwamba raia hawatakubali kutawaliwa na mtu wa dini ngeni, na Anania akamuunga mkono: unaweza kumwabudu Mungu bila kutahiriwa. Mambo yakatulia mpaka alipofika Myahudi mwingine, Eleazari wa Galilaya, mtu mkali wa sheria. Akamkuta mfalme ameinama anasoma Torati ya Musa, akamwambia maneno ambayo kwa Kiswahili chetu ni: wasoma tu, hutendi? Mfalme akaondoka, akaingia chumba kingine, akaita tabibu, kazi ikaisha.

Katika kisa hicho hakuna Mkristo hata mmoja. Anania na Eleazari wote ni Wayahudi, wanasoma Torati ile ile, na kila mmoja ana jibu lake kuhusu mtu wa mataifa. Ukikishika kisa hiki, waraka wa Paulo kwa Wagalatia unasomeka tofauti kabisa.

Jibu la kwanza: ingia wote, au usiingie

Hili ni jibu la wale ambao Matendo 15 inawataja kuwa Mafarisayo walioamini. Govi: tahiri. Sahani: Walawi 11 nzima. Kalenda: Sabato na sikukuu zote. Mahubiri yetu yamewafanya vikaragosi, eti watu wenye roho mbaya wanaopenda mizigo. Si haki. Walikuwa na andiko mkononi: Mwanzo 17 inasema agano la tohara ni la milele, na inawataja hata wageni waliomo nyumbani mwa Ibrahimu. Ukisoma kifungu hicho peke yake, kuwashinda si rahisi.

Kilichowashinda ni tukio la nyumba ya Kornelio, akida wa Kirumi, kule Kaisaria. Roho alishuka juu ya watu wasiotahiriwa, na Petro akabaki anauliza nani awezaye kuwazuilia maji ya ubatizo. Hata hivyo jibu hili halikufa. Irenaeo, askofu wa Lyon, akiandika mnamo mwaka 180, anawataja Waebioni: wanatahiri, wanatumia Injili ya Mathayo pekee, na Paulo wanamwita mwasi wa Torati.

Jibu la pili: Yakobo na mambo manne

Yakobo, ndugu yake Bwana, aliyeongoza kanisa la Yerusalemu, alitoa hukumu ambayo watu huiita mapatano ya nusu kwa nusu. Mimi naiona makini kuliko hivyo. Watu wa mataifa wasitahiriwe. Ila wajiepushe na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama ya mnyama aliyesongolewa, na uasherati.

Kwa nini hayo manne, na si wizi, uuaji au uongo? Fungua Walawi 17 na 18. Humo utakuta sadaka zinazopelekwa kwa mashetani, katazo la damu, mnyama aliyekufa bila damu yake kumwagwa, halafu orodha ndefu ya uasherati. Na kila baada ya hatua chache sura hizo zinarudia kwamba sheria hii ni ya mzaliwa na ya mgeni akaaye kati yenu. Wasomaji wengi wa Matendo wanaona, nami nakubaliana nao, kwamba Yakobo hakuitupa Torati. Aliuliza Torati yenyewe inamdai nini mgeni, akaleta hilo.

Ndipo linatokea jambo la kuchekesha. Sheria ya nguruwe, katika Walawi 11, imeelekezwa kwa wana wa Israeli, na waraka wa Yerusalemu haumtaji nguruwe popote. Sheria ya damu inamshika na mgeni. Kwa hesabu ya Yakobo, kitimoto kimepona, kisusio kimenaswa. Darasani watu huwa hawaamini mpaka nirudie kusoma.

Wala msidhani waraka huo ulikaa kabatini. Mwaka 177, Wakristo wa Lyon walipoteswa na kusingiziwa kwamba wanakula watoto, mwanamke mmoja, Biblis, alijibu akiwa katika mateso: watu wasioruhusiwa kula hata damu ya wanyama watakulaje watoto? Miaka kama 20 baadaye, huko Karthago, mwandishi Mkristo Tertuliano anaandika kwamba wapagani humjaribu Mkristo kwa kumwekea soseji zilizojazwa damu, wakijua hatazigusa. Mkenya anayeijua mutura hahitaji maelezo zaidi.

Walakini baadhi ya wanakili walianza mapema kuugeuza waraka huo. Nakala moja ya kale ya Matendo, yenye Kigiriki upande mmoja na Kilatini upande wa pili, iliyohifadhiwa Cambridge, imeliacha neno la mnyama aliyesongolewa na kuongeza: msiwatendee wengine msiyopenda kutendewa. Sheria ya jikoni ikageuka sheria ya maadili kwa mkono wa mwandishi.

Kuhusu kalenda, waraka hausemi kitu. Na Wayahudi walioamini hawakuambiwa waache lolote. Matendo 21, kama miaka 8 au 9 baadaye, inawahesabu kwa maelfu Yerusalemu, “nao wote wana wivu kwa ajili ya torati”. Paulo mwenyewe anagharamia nadhiri ya watu wanne na kuingia nao hekaluni.

Jibu la tatu: Paulo, na meza ya Antiokia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunadhani tumeshafika.

Antiokia ya Shamu, ambayo leo ni Antakya nchini Uturuki. Wayahudi na watu wa mataifa walioamini wanakula meza moja. Petro yupo, anakula nao. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo. Petro akaanza kurudi nyuma, akajitenga; Wayahudi wengine wakamfuata, mpaka Barnaba, mtu aliyehubiri bega kwa bega na Paulo. Paulo akamkabili Petro uso kwa uso, mbele ya watu wote.

Soma Wagalatia 2 taratibu uone jambo moja: Paulo hataji chakula hata kimoja. Hatujaambiwa kama kulikuwa na nguruwe, divai ya sanamu au maharage matupu. Kinachomuuma ni viti. Mgiriki akiachwa na meza yake, na wale mitume wakiwa na yao, ameshaambiwa bila maneno: tahiriwa, au kula kona yako. Ndiyo maana Paulo hamshitaki Petro kwa kuishika Torati. Anamshitaki kwa kuwalazimisha mataifa kuishi kama Wayahudi. Kama Petro alikubali kosa, Paulo hasemi, na mimi ukimya huo naushuku. Luka, mwandishi wa Matendo, naye kisa hiki hakukiandika kabisa. Anatuambia tu kwamba Paulo na Barnaba waliachana, na sababu anayoitaja ni Yohana Marko.

Sasa angalia govi. Tito, Mgiriki, hakutahiriwa. Timotheo, ambaye mama yake ni Myahudi na baba yake Mgiriki, Paulo alimtahiri kwa mkono wake. Wanafunzi wangu huona kigeugeu. Mimi naona kanuni, na ameiandika mwenyewe katika 1 Wakorintho 7: kila mtu akae katika hali aliyoitwa nayo, aliyeitwa akiwa ametahiriwa asijigeuze, na asiyetahiriwa asitahiriwe. Halafu anaongeza sentensi ambayo wahubiri wa neema tupu huiruka: “Kutahiriwa si kitu, na kutotahiriwa si kitu, bali kuzihifadhi amri za Mungu.”

Kwenye sahani Paulo ni mlegevu kuliko Yakobo, ila si mlegevu kama anavyosifiwa. Korintho nyama ya buchani huenda imetoka madhabahuni, huenda haikutoka. Anasema: “Kila kitu kiuzwacho sokoni kuleni, bila kuuliza-uliza, kwa ajili ya dhamiri.” Ukialikwa, kula. Lakini mtu akikwambia hiki kimetolewa sadaka, acha, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekwambia. Na kula kwenye karamu ya hekalu la sanamu kwenyewe, hapana. Huwezi kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani. La ajabu ni kwamba katika majibu hayo yote waraka wa Yerusalemu hautaji hata mara moja. Katika Wagalatia anasema walichomwomba ni kuwakumbuka maskini tu.

Kalenda: Warumi 14. Mmoja anatofautisha siku, mwingine anaziona zote sawa, kila mtu na athibitike katika akili zake. Mla mboga asimhukumu mla nyama, wala mla nyama asimdharau mla mboga. Hiyo ni amri ya kutovunjiana meza. Ukiisoma kama tangazo kwamba vyakula na siku havina maana tena, umemwongezea Paulo maneno.

Udhaifu wa jibu hili? Linadai jamii iliyokomaa. Watu wanapaswa kujadiliana na kuvumiliana kila siku, na wengi wetu tungependa orodha iliyobandikwa mlangoni.

Jibu la nne: Mathayo, na kadiri uwezavyo

“Msidhani ya kuwa nalikuja kuitangua torati au manabii, la, sikuja kutangua, bali kutimiliza.” Yodi moja, ile herufi ndogo kabisa, haitaondoka. Sentensi hizo zinakaa vibaya karibu na Wagalatia, na hakuna haja ya kuzilazimisha zikae vizuri.

Fanya jaribio hili nyumbani. Soma Marko 7 halafu Mathayo 15, kisa kile kile cha kunawa mikono. Marko, au aliyeiandika Injili hiyo, anaweka maneno ya pembeni kwamba kwa kusema hivyo Yesu alivitakasa vyakula vyote. Mathayo anasimulia kisa hicho, lakini maneno hayo hana. Anamalizia kwamba kula bila kunawa hakumtii mtu unajisi. Kwa Mathayo ubishi ulikuwa wa mapokeo ya kunawa, na Walawi 11 haijaguswa. Hata zaka ya mnanaa, bizari na jira haiifuti. Anasema yapo makubwa zaidi, yaani adili, rehema na imani, mengine msiyaache.

Ndugu wa karibu wa jibu hili ni Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, kitabu kidogo ambacho wataalamu wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, na ambacho nakala yake ya Kigiriki ilipatikana Constantinople mwaka 1873. Kinasema ukiweza kuibeba nira yote ya Bwana utakuwa mkamilifu; usipoweza, fanya unaloweza. Kuhusu chakula, beba uwezavyo, ila vya sanamu usiguse kabisa. Halafu kwenye kalenda kinatoa agizo ambalo hunichekesha kila mara: msifunge pamoja na wanafiki, maana wao hufunga Jumatatu na Alhamisi, ninyi fungeni Jumatano na Ijumaa. Mfungo ni wa Kiyahudi, wamehamisha siku tu. Ni kama watoto wa nyumba moja waliogombana wakabadilishana zamu za kuosha vyombo.

Jibu la tano: Torati ni fumbo, au Torati ni ya mungu mwingine

Baada ya hekalu kubomolewa mwaka 70, kanisa lilizidi kujaa watu ambao hawakuwahi kuishika Torati wala kulelewa nayo. Waraka uitwao wa Barnaba unadai kwamba Musa hakukusudia kukataza nyama ya nguruwe; alimaanisha usiandamane na watu wanaomsahau Bwana wao wakishashiba na kumkumbuka wakiwa na njaa. Tohara ya Ibrahimu nayo ni fumbo: watu 318 wa nyumba yake, kwa tarakimu za Kigiriki, ni herufi mbili za mwanzo za jina la Yesu na herufi T, yaani msalaba. Kwamba Mwanzo iliandikwa kwa Kiebrania, mwandishi hakujali.

Marcion, mwenye vyombo vya bahari kutoka Sinope, alikwenda hadi mwisho. Mungu wa Torati ni mmoja, Baba wa Yesu ni mwingine. Akabaki na Luka iliyopunguzwa na nyaraka 10 za Paulo, zilizopunguzwa nazo. Kanisa la Roma lilimtoa mwaka 144, na likamrudishia sadaka yake ya sesterce 200,000. Kati ya majibu yote matano, hili ndilo pekee nisilolishauri kwa mtu yeyote.

Basi uchague lipi?

Inategemea umeulizwa nini. Ukimfundisha kijana anayeambiwa kwamba hawezi kuwa Mkristo kamili mpaka ashike desturi za taifa fulani, mpe Paulo, hasa meza ya Antiokia. Ukitaka kujua Agano la Kale lenyewe linamdai nini asiye Mwisraeli, Yakobo ndiye aliyelisoma kwa makini. Kwa mtu aliyezama katika sheria na anaipenda, Mathayo na Didake watamsaidia kuliko Wagalatia anayopigiwa kichwani. Na kama mna Myahudi aliyeamini akiwa bado anaishika Sabato yake, msomee Yustino Mfiadini. Katika majadiliano yake na Myahudi aitwaye Trifo, katikati ya karne ya pili, alisema mtu huyo ataokoka, mradi asiwalazimishe wengine. Akakiri kwamba wapo Wakristo wasiokubaliana naye na wanaokataa hata kula na watu hao.

Kwa wanaobishana na majirani Wasabato, tahadhari moja. Ule mgawanyo wa sheria ya maadili na sheria ya ibada, ambao pande zote mbili huutumia kama silaha, hakuna hata mmoja wa hawa watano aliyeuweka hivyo. Waliokuja baadaye ndio walioupanga, Thomas Aquinas katika karne ya 13 akiwa mmojawapo. Unaweza kuwa mgawanyo mzuri, ila usiuweke kinywani mwa Paulo.

Na kwa anayedhani lazima uchague moja na kutupa mengine, Ethiopia iko jirani. Kanisa la Tewahedo linatahiri, linaheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili, na waumini wake hawali nguruwe. Wamisionari wa Ulaya walipowashitaki kwa kuwa Wayahudi, mfalme Gelawdewos alijibu kwa maandishi mwaka 1555: tunatahiri kwa desturi ya nchi, kama wengine wanavyochanja uso, Sabato hatuitunzi kama Wayahudi, nguruwe anayetaka kuacha ataacha, anayetaka kula atakula. Sahani ya jibu la kwanza, hoja ya Paulo.

Yule ndugu wa kisusio nilimjibu hivi. Kwa Yakobo, kwa Biblis na kwa Tertuliano, usinywe. Kwa Paulo, tazama kwanza umekaa na nani. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama akikaa peke yake.